Kosa la Dada Orpha

Kwa miaka kumi na miwili Orpha Wheelock alifuma vitambaa katika kiwanda cha pamba, madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari ili nyuzi zisikauke, na mnyapara akirudisha nyuma mishale ya saa ili jioni ichelewe. Wenye mali waliuita unyama huo maendeleo; wao hawakulivuta vumbi lile la pamba. Mwanamke aliyekohoa mbele ya mnyapara alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, alipopokelewa kwa majaribio kwenye Shamba la Upatano, katika vilima vya Massachusetts, ambako ardhi na meza vilikuwa vya wote na hakuna aliyelipwa ujira, Orpha aliazimia kuwa mtu asiyeweza kukosekana. Alifua, akakanda unga, akafuma. Wenzake walipotoka alasiri kwenda kuimba, yeye alibaki mtamboni.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1844, siku yake ya kuamuliwa ikafika. Desturi yao ilikuwa moja: mwombaji huketi katikati ya ukumbi bila kufungua kinywa, na kila mwanajumuiya humweleza makosa yake usoni. Kisha mikono huinuliwa. Orpha akikataliwa, hakuwa na pa kwenda ila kiwandani.

“Dada Orpha anafua kama anakimbizwa na mbwa,” alianza Kaka Asahel, seremala. “Shati langu limebaki kola tu.”

Watu wakacheka.

“Anakula amesimama,” mwingine akasema. “Mimi nikimtazama tu, chakula hakinishuki.”

Akainuka Bi Zerviah, mkunga, ambaye ulimi wake uliogopwa na wote.

“Hayo madogo. Mwenzetu huyu anakohoa. Anajifungia stoo na kujiziba mdomo kwa aproni, anadhani sisi viziwi. Mwaka mzima, Orpha! Mwaka mzima umetunyima haki ya kukuuguza. Hilo ndilo kosa, na mimi silisamehe.”

Orpha akautazama mlango.

“Naomba asiguse mtambo hadi mavuno,” Bi Zerviah aliendelea. “Akae juani. Anywe maziwa. Alasiri aende akaimbe, hata kama sauti yake ni ya bata.”

Orpha akaivunja desturi. “Nisipofanya kazi, nitakula nini?”

“Mkate,” alijibu Bi Zerviah, akishangaa kuulizwa. “Na maharage. Nyama usitegemee, hapa hatuli.”

Kicheko kilipotulia, Asahel akauliza nani anamtaka abaki. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Zerviah. Ikafuata mingine, yenye sugu, yenye unga, mmoja wa mtoto ulioshushwa na mama yake kwa kuwa hakuwa na kura. Orpha aliwatazama mmoja mmoja. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona watu wazima, wenye akili zao timamu, wakiinua mikono ili mtu apumzike.