Posa ya Magari ya Baba

Uani kwetu Timbwani kulikuwa na magari manne ya mbio ya Kitaliano, ya zamani, mafupi, mekundu, na hata moja halikutupeleka popote. Baba alikuwa makanika, na tangu ujana wake aliyanunua kwa Wataliano waliokuwa wakirudi kwao. Mama aliyaita wake wenzake, na hakuwa akitania sana.

Uhuru ulipokaribia, nikaposwa. Harusi yataka uwanja, wanawake wacheze ngoma wainjike masufuria, na uwanja wetu ulikuwa umejaa magari. Mama akakata shauri: yauzwe kwanza, ndipo niolewe. Nami nilikuwa na haraka ya kuolewa, sioni haya kusema.

Wanunuzi wakaja. Baba akawahoji kama wakwe. Mmoja aliulizwa kama banda lake linavuja. Mwingine alipiga gurudumu teke, akaonyeshwa mlango. Harusi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, nami nikamnunia Baba hata salamu nikawa naitoa kwa kumung'unya.

Mwisho akaja Mhindi mwenye gereji Changamwe, ayataka yote manne. Baba akamkataa vile vile. Mama akamfuata njiani, buibui likipepea.

"Kwetu sisi mtu hajiposei mwenyewe," akamwambia. "Tuma washenga."

Ijumaa baada ya sala, wazee wawili wakabisha hodi na sinia la tambuu na halua, juu yake kilemba, haki ya baba mwenye kuoza, na pembeni mkaja, haki ya mama. Wakaanza kumsifu bwana harusi: adabu yake, ukoo wake, banda lake jipya la mabati. Nyuma ya pazia Mama aliuma leso asicheke. Baba alilitazama sinia, akalitazama pazia, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Posa iliyokuja kwa heshima namna ile angeikataa kwa uso gani?

Kesho yake magari yakavutwa kwa kamba, moja moja, kuelekea feri. Nilikaribia kupiga vigelegele. Baba alikuwa ameketi kizingitini, akaniita.

"Abee, Baba."

"Umefurahi?"

"Nimefurahi, wallahi."

"Haya. Magari ningeyauza zamani, mwanangu. Lakini uwanja ukiwa mtupu, wewe waondoka."

Nikaketi kando yake, tukalia sote wawili, mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza nani amekufa.