Mvuke wa Mkaratusi

Juzi nilikuwa napita katikati ya malori pale Tunduma, nikasikia harufu ya majani ya mkaratusi yanayochemka. Nikasimama palepale.

Nilikuwa mdogo, nakohoa sana. Mama alinipeleka kwa bibi mmoja wa Isansa aliyetibu kwa majani. Bibi hata koo langu hakulitazama.

"Alianza lini kukohoa?" alimuuliza mama.

Mama akajibu, "Tangu baba yake atuache na kuhamia kwa kaka yake."

"Basi mwiteni aje."

Hapo nikajua nakufa. Kwetu wanaume waliokuwa mbali waliitwa hivyo mtu akikaribia kukata roho.

Baba alifika, hakumsalimu mama. Sufuria ilikuwa inatokota mafigani, na mimi nilishaona kuku akitumbukizwa kwenye maji kama yale kabla ya kunyonyolewa. Bibi akaiipua, akachukua blanketi.

"Ingieni wote watatu."

"Mimi siumwi, bibi," baba alisema.

"Ingia, mwanangu."

Blanketi likatufunika. Kulikuwa giza, mvuke ukiunguza uso, harufu ikinikaba. Nilipiga kelele kwamba tunapikwa. Mama akanishika mkono mmoja, baba mwingine. Nikamsikia baba anavuta makamasi, nikadhani ugonjwa umempata na yeye. Leo najua alikuwa analia.

Jioni ile baba alinibeba mgongoni, mama akitufuata na fungu la majani. Njia nzima nililia, nikiamini wananipeleka kuzikwa. Kumbe tulikuwa tunarudi nyumbani, wote watatu.