Kifua Kilichofunguka Jumamosi

Ijumaa jua likikaribia kuzama, Motari huzima mashine, na upande wote wa nyuma wa soko la Rongo hujua kwamba Wasabato wa chakula cha kuku wamefunga. Kelele hukatika, vumbi hushuka polepole juu ya magunia, na Bochaberi, mkewe, hukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa sababu hana nguvu ya kutembea zile hatua arobaini mpaka nyumbani. Hukaa tu, kifua kikipiga filimbi. Motari hufagia bila kumwangalia. Si ubaya. Mtu akishapumua hivyo mbele yako miaka kumi na zaidi, utamwambia nini ambacho hujamwambia?

Walikuwa wanasaga chakula cha kuku: pumba, mashudu ya alizeti, soya, na omena kavu, wale dagaa wa ziwani, kutoka Homa Bay, magunia kwa magunia. Omena ndiyo iliyowafanya wateja watoke mpaka Awendo, maana kuku wakiila wanataga kama wamelipwa mshahara. Lakini omena ikisagwa hugeuka unga mwepesi unaoingia popote. Ulikuwa ndani ya nywele, ndani ya mito, ndani ya sukari. Hata Biblia ya Motari ukiifungua ilinuka omena.

Na pumu ya Bochaberi haikuwa ile ya kukohoa kidogo ukapewa chai ya tangawizi ikaisha. Ilikuwa inamnyanyua mabega. Ilimfanya alale ameketi, ameegemea ukuta, mpaka ukuta ukawa na doa la kichwa chake. Alipimwa makohozi mara tatu, kifua kikuu hakikuonekana. Alitibiwa nimonia ambayo hakuwa nayo. Alikunywa mafuta ya kondoo aliyouziwa na mtu wa Sori ambaye, tuseme ukweli, hata kondoo sijui kama aliwahi kumwona. Alichoka. Kuna kuchoka kwa kazi, ambako mtu hulala akaamka mzima, na kuna kuchoka kwa kuvuta hewa, ambako hakuna saa ya kupumzika kwa sababu hewa haina likizo.

Ila Jumamosi. Jumamosi ilikuwa kitu kingine. Asubuhi alikwenda kanisani polepole, akisimama kila mti. Akina mama walimwekea mikono, Mzee wa kanisa Omanga alimwombea kwa sauti iliyotetemesha mabati, na kufika alasiri kwaya ikiitwa mbele, Bochaberi aliimba sauti ya kwanza mpaka mwisho wa ubeti bila kukata pumzi. Watu walilia. Jumapili mashine iliwashwa, na kufika jioni filimbi ilikuwa imerudi kifuani. Yeye alijilaumu kwamba imani yake ilikuwa ya siku moja.

Halafu yalikuja yale makambi ya Agosti, miaka minane iliyopita. Kanisa zima lilihamia uwanjani kwa juma zima, mahema, masufuria, mahubiri asubuhi mpaka jioni. Siku kwa siku kifua cha Bochaberi kilifunguka. Sabato ya kufunga makambi alipumua kama msichana. Kikapu cha sadaka kilipomfikia, alifungua pochi, akatoa inhela yake ya buluu, dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo aliyopewa na daktari, akaiweka ndani juu ya noti na sarafu. Mzee Omanga aliiona. Akaiinua juu watu wote waione, machozi yanamtoka, maana alikuwa amefunga siku tatu bila kula kwa ajili ya mama huyu. Mzee huyo hakuwa mwongo, wala hakuwa mtu wa kujionyesha. Aliifunga ile inhela kwenye kitambaa cheupe akaihifadhi kabatini, na kila Agosti alikuwa akiitoa, akamwita Bochaberi asimame atoe ushuhuda.

Na Bochaberi alikuwa akisimama. Kila mwaka. Kwa sababu makambi yale yalipokwisha Jumamosi, Jumapili alirudi kwenye mashine, na Jumanne alipanda gari mpaka Migori mjini, kwa duka la dawa ambako hakuna anayemjua, akanunua inhela nyingine, na ikiisha akanunua tena. Miaka minane aliificha kwenye mkebe wa kakao kule kwenye mashine, na akitaka kuivuta aliingia chooni akafunga mlango. Hakuna mahali pabaya pa kutafuta hewa kama chooni.

Mwezi wa tatu mwaka huu alikwenda Homa Bay kuchukua omena. Jared, mwuzaji wake, alikuwa amepokea mzigo kutoka kisiwa cha Remba, na kama kawaida akafungua gunia, akaingiza mkono, akamwaga mbele yake ili aone hakuna mchanga. Vumbi lilipanda. Bochaberi alisikia koo linafungwa kama mdomo wa gunia. Alitafuta mkebe wa kakao kwenye mkoba, akakumbuka ameuacha Rongo. Kitu cha mwisho alichokiona ni viatu vya Jared vikikimbia.

Alizinduka hospitalini akiwa na barakoa ya oksijeni usoni, na pembeni yake mama mmoja wa makamo mwenye koti jeupe, miwani imeshushwa puani, anaandika. Huyo ndiye Phelesia, klinik ofisa wa kifua, Mjaluo wa Mfangano, mtu asiye na haraka.

"Mama, hii pumu umekaa nayo miaka ngapi?"

"Mingi, daktari."

"Na dawa gani unatumia?"

Bochaberi akaangalia pembeni. "Naombewa."

Phelesia hakucheka wala hakukunja uso. "Ni vizuri. Mimi pia naombewa. Na ile ya buluu, unamaliza moja kwa muda gani?"

Aliulizwa kwa upole kiasi kwamba alijibu kabla hajajizuia. "Wiki mbili."

Phelesia aliweka kalamu chini. Alimweleza kwamba ile ya buluu inafungua mlango tu, haizimi moto ulio ndani ya nyumba. Akampa ya pili, ya rangi ya machungwa, ya kuvuta asubuhi na jioni hata siku akiwa mzima, na kusukutua mdomo baadaye. Akatoboa chupa ya plastiki ya soda kwa waya wa moto, akamwonyesha jinsi ya kuvutia dawa kupitia humo ili isiishie kwa ulimi. Mwisho akampa kifaa kidogo cha kupuliza chenye mshale wa kuonyesha nguvu ya pumzi, na daftari. "Asubuhi puliza, andika namba. Jioni puliza, andika. Wiki tatu. Usinidanganye, mama, mimi sitakuchapa."

Nyumbani, ile ya machungwa aliivuta siku mbili. Haikufanya kitu. Haikuwa na hata ile baridi ya kooni. Akaiweka kwenye mkebe. Lakini daftari aliliandika kwa uaminifu, maana namba haikuwa dhambi.

Baada ya wiki tatu Phelesia alilifungua mezani, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Mia mbili. Mia na tisini. Mia mbili na kumi. Halafu kidole kikasimama.

"Jumamosi jioni, mia tatu na ishirini. Wiki inayofuata, Jumamosi, mia tatu na kumi. Jumamosi kuna nini?"

"Ni Sabato, daktari." Bochaberi alijikuta amenyoosha mgongo. "Siku hiyo kanisa huniombea."

"Aha." Kidole kikashuka. "Na hapa? Jumatatu mpaka Alhamisi, wiki ya pili. Kila siku inapanda. Alhamisi mia tatu na arobaini. Hata imeshinda Sabato."

Bochaberi alifikiri. "Mashine iliharibika. Tulikuwa tunangoja mkanda kutoka Migori."

"Hizo siku uliombewa?"

Hakuombewa. Alikuwa ameketi nyumbani akichambua mboga na kulalamika. Hakuna mtu aliyemwekea mkono kichwani, hata Motari, aliyekuwa na hasira na fundi. Phelesia aligeuza daftari likamwelekea Bochaberi. Huo ndio ulikuwa ukali wake.

Bochaberi alianza kulia, na si kwa furaha ya kujua. Alilia kwa sababu aliona miaka yake yote ikipangwa upya. Kila Ijumaa mashine ilizimwa, kila Jumamosi kifua kilifunguka. Yale makambi, juma zima bila kugusa omena. Alikuwa akibebwa na pumziko, naye akaliita jina lingine mbele za watu, mwaka baada ya mwaka.

"Kwa hivyo Mungu hakusikia?" aliuliza.

"Hiyo usiniulize mimi, mama. Mimi najua kifua. Kifua chako kinakataa hiyo vumbi ya omena. Na ile ya machungwa hujavuta."

"Umejua aje?"

"Ungekuwa umevuta, hizi namba zingeniambia."

Hapo basi alianza kuivuta kweli. Motari alijenga kibanda nyuma ya plot, akahamishia huko usagaji wa omena, anafanya peke yake amefunga barakoa, na anaoga kabla ya kuingia ndani. Bochaberi anauza mbele kwenye hewa. Mito ilianikwa, godoro lilifunikwa. Haikuwa miujiza. Wiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu, na alitaka kuitupa. Wiki ya tano aliamka asubuhi akajikuta amelala chali. Alibaki hivyo akiangalia dari, anaogopa kusogea, kwa sababu hakukumbuka mara ya mwisho alipoiona dari akiwa amelala.

Alibaki na jambo moja tu, nalo ni Agosti. Alipanga kunyamaza. Angesimama, angesema namshukuru Mungu, angeketi. Nani angeumia?

Jibu lilikuja Sabato moja kabla ya makambi. Baada ya mazoezi ya kwaya, Nyasuguta, msichana wa miaka ishirini aliyekuja kufundisha chekechea, alibaki nyuma ameshika kiti. Bochaberi alimwona mabega yanapanda na kushuka, akayajua yale mabega kama mtu anavyojua nguo yake ikivaliwa na mwingine.

"Mwanangu, dawa yako iko wapi?"

Nyasuguta akatabasamu, midomo imepauka. "Niliweka kwa kikapu, Mama. Sabato iliyopita. Kama wewe."

Bochaberi alifika nyumbani akaketi kwenye ndoo yake ya zamani ingawa hakuhitaji tena. Motari alikuwa anakunja magunia.

"Baba Emmah," alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "nikisema ukweli, watatuona aje?"

"Watatuona wadanganyifu."

"Na nikinyamaza?"

Motari alikunja gunia lingine. "Mimi nimekusikia chooni miaka minane," alisema. "Nimechoka kujifanya sisikii."

Hivyo alijua. Siku zote alijua. Bochaberi aliinuka akamsaidia kukunja.

Sabato ya kufunga makambi, uwanja ulijaa. Mzee Omanga alipanda jukwaani na kile kitambaa cheupe, akakifungua, akainua inhela ya buluu iliyokwisha kufifia rangi. "Dada Bochaberi, njoo ushuhudie."

Alikwenda. Alinyoosha mkono. "Mzee, naomba hiyo kitu." Mzee alimpa, akidhani ni sehemu ya ushuhuda.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi sikuponywa siku ile. Nilikuwa nimepumzika. Wiki nzima sikusaga omena, kifua kikafunguka. Jumapili nikarudi kazini. Jumanne nikanunua ingine Migori, na nimekuwa nikivuta chooni mpaka mwaka huu. Kila Agosti nimesimama hapa nikiwadanganya. Mnisamehe. Nimechoka."

Mtu mmoja nyuma alisema "Amina" kwa mazoea, akaishia katikati. Bochaberi akatoa mfukoni chupa yake ya soda iliyotobolewa na ile dawa ya machungwa, akaziinua. "Hii ndiyo inanifanya nipumue. Na Mungu bado ninamwomba. Lakini Nyasuguta, mwanangu, uliweka yako kikapuni kwa sababu yangu. Rudisha."

Mzee Omanga alisimama kama mtu aliyevuliwa kofia kanisani. Usoni hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni, huzuni ya mtu anayehesabu siku alizofunga bila kula. Mkono wake uliingia polepole katika mfuko wa koti, ukatoka na kitambaa kingine, kipya, ambacho hakikuwa kimefunguliwa bado. Alikiangalia. Alikuwa amekileta ili kiinuliwe leo baada ya cha kwanza.

Nyasuguta alikuwa tayari anakuja katikati ya mabenchi, anashika bega la huyu, bega la yule, mabega yake mwenyewe yamepanda mpaka masikioni. Bochaberi alishuka akamkuta nusu ya njia. Hakuna aliyeimba. Mzee aliteremka jukwaani kwa miguu yake, mtu wa miaka sabini, akafungua kitambaa na kumkabidhi Nyasuguta inhela yake kwa mikono miwili. Bochaberi aliichomeka kwenye chupa yake ya soda, akamshikia mdomoni.

Alivuta mara ya kwanza, akavuta mara ya pili, na kanisa zima lilisimama likimngoja apumue.