Salamu Ziishe Kwanza

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi likanyooka, nikafika hospitali ya Kahama kabla mfagizi hajafungua mlango. Nilikuwa binti wa Tanga, mtaalamu wa fiziotherapia, kazi ya kurudishia viungo vilivyoumia mwendo wake kwa mikono na mazoezi. Watu walituita madaktari wa mazoezi, na wapo waliodhani tunafundisha mpira.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mchimbaji aliyeangukiwa na jiwe gotini. Nikamuuliza, "Habari za mguu, kaka?" Akajibu, "Mhola duhu," yaani salama tu. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: hana maumivu. Mkuu wa Kitengo, Msukuma wa makamo mwenye sauti ya chini, alisoma akacheka hadi akavua miwani.

"Binti, huyu hujamuuliza kitu bado. Mmesalimiana tu. Kwenu Tanga mtu akiulizwa hujambo hujibu nini?"

"Sijambo."

"Hata akiwa mgonjwa?"

"Hata akiwa mgonjwa."

"Basi. Salamu ziishe kwanza. Kisha mwambie akuoneshe kazi moja anayoifanya nyumbani kwake. Mdomo una adabu, kiungo hakina."

Maneno hayo nimeyafanyia kazi maisha yangu yote. Kipimapembe, kile kifaa cha mikono miwili kinachoonesha kiungo kinakunjuka kiasi gani, nilijifunza chuoni. Kumpima Msukuma nilijifunza kwa yule mzee.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya Katoro. Huko hapakukosekana majeruhi: wa bodaboda, wa mashimo, na wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Nikawa naitwa pia mahakamani kueleza ulemavu wa kudumu, maana yake kile ambacho jeraha humwachia mtu baada ya kupona. Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo, mama mkali asiyependa porojo, alinipa wosia mmoja tu: "Ukisimama kizimbani sema ulichopima. Huruma iache mlangoni, utaikuta ukitoka."

Shauri ninalojivunia kuliko yote ni la Masanja. Alikuwa kijana mwenye mke, mlishaji wa karasha. Mkanda wa mashine, ambao haukuwa na kikinga, ulimvuta mkono wa kulia. Mfupa uliunga, bega likagoma. Mwenye karasha akasema kijana amepona, arudi kwenye mashine au aache kazi. Masanja akafungua madai ya fidia. Mahakama ingeamini kwamba amepona, angerudi kwenye mkanda uleule na mkono usioweza kujiokoa, na hilo lilininyima usingizi.

Nilingoja nje, kama ilivyo desturi ya mashahidi. Nilipoitwa na kuapa, wakili wa mwenye karasha alinikaribisha kwa tabasamu.

"Mtaalamu, mdai ametoka kutoa ushahidi sasa hivi. Nilimpa pole ya safari, nikamuuliza habari za afya, akasema nzuri. Nikamuuliza mkono, akasema haujambo kabisa. Wewe unalijua bega lake kuliko yeye?"

Nilipandwa na hasira, si kwa wakili, bali kwa Masanja. Nilimgeukia pale alipokaa, kachomekea, koti limemkaa sawasawa, na nyuma yake yuko baba mkwe wake na fimbo yake. Hasira ikaniisha.

"Mheshimiwa Hakimu," nikasema, "hayo ni majibu ya salamu."

"Hapa hakuna salamu," wakili akasema. "Hapa kuna kiapo."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Shahidi, utathibitishaje?"

"Naomba mdai avue koti lake."

Masanja akasimama. Alifungua vifungo kwa mkono wa kushoto, vizuri tu. Kisha akajaribu kuutoa ule wa kulia. Ukafika mahali ukakwama. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Ndipo mkewe, aliyekuwa kwenye benchi, akainuka kwa mazoea kwenda kumvua, kama afanyavyo kila siku. Alishafika katikati ya chumba ndipo akakumbuka yuko wapi.

Masanja aliinamisha kichwa akasema, "Mheshimiwa, koti nimevalishwa. Hata shati. Nilisema haujambo kwa sababu mkwe wangu kakaa pale."

Mzee akaipigapiga fimbo sakafuni. "Sema tu, baba," akamwambia. "Mimi nilijua."

Wakili, kwa haki nimsifu, ndiye aliyemsaidia kulirudisha koti begani. Baadaye nilisimama na kipimapembe changu nikaeleza vipimo kimoja kimoja. Mahakama ikakubali kwamba bega lile halitarudi. Masanja hakurudi kwenye karasha. Fidia ilimfungulia duka la nyaya na balbu hapa Kahama. Sisemi kwa kujisifu. Au basi, nasema kwa kujisifu. Nimestaafu, nani atanikataza?

Sasa naishi Nyahanga, hapahapa Kahama. Ninyi vijana mnaovaa makoti meupe mna mashine ambazo sisi hatukuziota, na nawaonea wivu. Lakini kuinua wagonjwa miaka yote ile kuna malipo yake, na yangu yapo mgongoni. Wanangu wakipiga simu nawaambia mimi mzima.

Juzi Masanja alipita kunijulia hali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za afya?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

Alikunywa maji yote niliyompa, akaweka glasi chini taratibu.

"Mama, salamu zimeisha. Hebu simama unifungulie lile dirisha."

Nilicheka sana. Nikashika mkono wa kiti, nikajaribu kuinuka, nikakaa tena.

"Siwezi, mwanangu," nikamwambia. "Mgongo unaniuma."