Mtunza Miche Aliyenyamazia Viriba

Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka, Hezekia Chilongani amepiga magoti kwenye njia ya kwenda mabwenini. Anafukua mche wa mkangazi kwa mikono, anaunyanyua na bonge lake la udongo, anachana nailoni nyeusi iliyouzunguka, anaurudisha shimoni. Anasogea hatua tatu, anapiga magoti tena.

"Huu wa mia moja themanini na saba," anasema bila kuinua uso.

Hezekia, mwenye miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Berega, ni mtunza kitalu wa chuo kimoja cha ualimu hapa wilayani Kilosa. Kwa miaka tisa miche yote ya chuo imepita mikononi mwake. Mbegu za mikangazi hii aliziokota mwenyewe kando ya mto, njia ya Mikumi. Muulize habari za miti, utakosa basi la kurudi.

Mwezi wa pili mwaka huu wa 1975, mkuu wa chuo aliitisha mkutano. Njia za chuo zilikuwa tupu bila miti, jua linawababua watu. Ikaamuliwa walimu, wanafunzi na wafanyakazi wapande pamoja mikangazi mia sita, kuanzia getini hadi mabwenini. Kazi ya ujamaa, kila mtu na jembe lake. Siku hiyo Hezekia alivaa shati la Jumapili. Nani mwingine angesimamia miti?

Akatajwa Costancia, mpishi.

"Mpishi!" anasema, na hadi leo sauti inapanda. "Eti kwa kuwa alipanda mchicha nyuma ya jiko! Anamwagilia maji aliyooshea vyombo, basi kutwa mama Costancia, mama Costancia! Mchicha, ndugu mwandishi! Mchicha si hata unajiotea wenyewe?"

Ukweli ni kwamba bustani ile ilikuwa inalisha wanafunzi mia mbili, na vijana wakitoka darasani walikuwa wanaikimbilia bila kusukumwa na mtu. Costancia ni binti wa mkata mkonge wa Kimamba, mcheshi, akiita watu wanakuja. Kitaluni kwa Hezekia, miaka tisa, mtu alikuja akitafuta kivuli tu. Hayo anayakubali, ila kwa shingo upande.

Siku ya kupanda Costancia akagawa miche, kila mmoja ndani ya kiriba chake, yaani kile kifuko cha nailoni cha kukuzia mche. Anayeijua kazi hukichana kwanza, la sivyo mizizi hujisokota humo humo mpaka mche ufe. Costancia hakujua, maana mchicha hauoteshwi kwenye kiriba. Akawaambia watu wafukie mche na kiriba chake, udongo usimwagike. Walimu wakafuata, wanafunzi wakafuata, huku wanaimba.

Hezekia alikuwa amesimama hatua kumi tu kutoka hapo.

"Niliona, nikanyamaza. Nikasema moyoni, mwache aumbuke. Wivu, ndugu yangu, wivu mtupu!"

Masika yalipokatika, majani yakageuka njano. Miche mia moja na arobaini imekufa. Costancia akawa anabeba madebe ya maji kutoka kisimani, anamwagilia huku analia, na waliokuwa wakimsifia wakaanza kumnong'ona. Jumamosi hii mkutano utakaa kumvua usimamizi, na jina linalotajwa kushika nafasi yake ni la Hezekia. Tangu asikie habari hiyo, kila alfajiri yuko hapa njiani.

"Miti hii nimeilea kama wanangu," anasema. "Nimeiua mwenyewe kwa kumkomoa mwanamke wa watu."

Ndiyo sababu anafukua. Lakini Hezekia bado hajamwambia Costancia ukweli.

Mara mama huyo anatokea jikoni, kikombe cha uji mkononi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Kunywa kidogo, tangu alfajiri hujatia kitu tumboni. Mungu akubariki. Ujinga nimefanya mimi, unahangaika wewe."

Hezekia anakitazama kikombe. Hakipokei.

"Costancia, siku ile nilikuona. Nilijua viriba vinatolewa kwanza. Nilinyamaza makusudi."

Costancia anamtazama kama hajasikia vizuri. Kisha anageuka na kurudi na uji wake, taratibu, asimwage hata tone. Mlango wa jiko unabamizwa.

Hezekia anashusha pumzi, anausogelea mche unaofuata. Imebaki mia mbili sabini na tatu.

Sasa anapanga nini?

"Jumamosi nitasimama niseme hivi hivi mbele ya wote. Usimamizi abaki nao mwenyewe. Wivu haujaisha, nisikudanganye. Wakimwita mama Costancia bado naungua." Anachana kiriba, anakitupa pembeni, anatazama mlango wa jiko. "Ila natamani siku moja aniletee tena ule uji. Hata ukiwa umepoa, nitaunywa."