Mzunguko Mmoja Msituni na Dada Mardhiya

Esha alinipigia simu saa tatu asubuhi, siku ya tisa ya Mfungo Mosi, mwezi unaoanza na Idi, nikiwa kazini Zinga nakagua ukuta wa mteja. Esha ni binti wa pekee wa dada yangu Mardhiya. Akaniamkia kama kawaida, "Shikamoo, mjomba," nami nikaitika, "Marahaba, mama, hamjambo?" Kisha akasema, "Mjomba, mama hatunaye."

Nilisema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikamwambia fundi mwenzangu afunge kazi. Njiani kwenda Kaole kwa dada sikulia. Nilikuwa nahesabu. Miezi saba sikuwa nimekanyaga kwake.

Dada alinizidi miaka kumi na mmoja. Mama yetu alipofariki, yeye ndiye aliyenishika mkono kunipeleka madrasa, na vitumbua vyake ndivyo vilivyonisomesha hadi kidato cha nne. Baadaye akafiwa na mumewe, presha ikamwanza, na daktari akamwambia atembee kila siku, taratibu, mahali pasipo na mwinuko. Akachagua msitu wa mivinje. Wazee wa kijiji waliupanda zamani ili mchanga usile mashamba, na sasa umehifadhiwa, haukatwi. Njia yake ni tambarare, imefunikwa na majani makavu membamba kama sindano, hata hatua yako mwenyewe huisikii. Mzunguko mmoja ni nusu saa kwa mtu asiye na haraka.

Kwa kuwa kila siku alikuwa humo, kamati ya msitu ikampa kazi ya kupokea wageni. Walikuja wazee wenye magoti mabovu, watu waliotoka kuugua, na watu wa Dar waliochoshwa na kelele. Dada aliwaandika kwenye daftari, kisha akatembea nao. Wengi waliiita miti ile misonobari. "Iiteni mnavyopenda," alikuwa akiwaambia, "bora msiivunje."

Siku moja nikiwepo, bwana mmoja mwenye redio mkononi alimwuliza, "Mama, humu hakuna simba?"

"Simba hakuna," dada akasema. "Kuna mimi. Zima hiyo redio."

Bwana yule akaizima, akatembea mzunguko mzima nyuma yake kama mwanafunzi. Nilijivunia dada yangu siku ile, na pengine ndipo nilipopotea. Mwaka jana nilipungukiwa na mirunda ya kushikilia zege. Nikaingia msituni kwa upande wa nyuma pamoja na vibarua wawili, tukakata mivinje minne. Sikujiona mwizi. Nilijiambia kwamba msitu ni wa dada yangu, nani ataniuliza?

Aliniuliza yeye. Mkutano ulipoitishwa, mwenyekiti wa kamati, Mzee Alawi, alitaka kunisitiri. "Tuandike kwamba mkataji hajulikani," akasema.

"Anajulikana," dada akasema. "Ni mdogo wangu Abdulnasir. Yule pale mlangoni, anayejifanya anasoma simu. Andika."

Watu wakacheka. Niliamriwa kupanda miche arobaini na kuimwagilia kiangazi chote. Nikatuma vibarua wakaipanda kwa siku moja, na mimi sikurudi tena. Baadaye nikasikia kwamba miche imeshika vizuri. Sikuuliza nani alikuwa akiimwagilia. Nilijua.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu. Maneno hayo nayajua tangu madrasa. Nilikuwa nikiswali safu ya mbele, na nyumbani kwa dada yangu siendi.

Kwetu, siku chache kabla ya Ramadhani, watu huendeana majumbani kuombana radhi, ili mtu aingie kwenye funga na moyo mweupe. Siku hizi wengi wetu tunatuma ujumbe wa simu. Nami niliandika mmoja, "Nisameheni niliyowakosea kwa kujua na kwa kutojua," nikautuma kwa namba zote nilizonazo: wateja, wauza saruji, majirani, na dada.

Akanijibu kwa sauti. Ujumbe ule bado ninao.

"Abdu, ujumbe wako nimeupata. Jirani yangu Hajra naye kaupata huohuo, tumelinganisha, hata nukta haikupungua. Mimi nimekuwa mteja wako? Njoo Ijumaa baada ya Alasiri tuzunguke msitu, mara moja tu. Uniombe radhi kwa mdomo, na mimi nikuombe, maana nilikuaibisha mbele za watu. Ukichoka nitakushika mkono."

Nilimsikilizisha mke wangu, tukacheka. Lakini kile kicheko cha mkutanoni kilikuwa bado kimenikaa kifuani. Nikamwandikia, "Inshallah, baada ya Idi. Kazi zimebana." Kazi hazikuwa zimebana. Nilitaka tu naye anisubiri kidogo.

Katikati ya Ramadhani alimtuma Esha aniletee mkate wa kumimina. Nikafuturu nao, nikarudisha sahani na salamu. Siku ya Idi nilimpigia simu, tukazungumza dakika moja. "Msitu upo," akasema. Nikamwambia nitakuja.

Siku aliyofariki alikuwa amefunga, katika zile funga sita za sunna za mwezi wa Idi. Esha alinieleza kwamba alirudi kutoka kutembea, akasema kichwa kinamuuma, akajilaza, na hakuamka.

Wanawake walimwosha na kumkafini. Baada ya Alasiri tulimfikisha msikitini. Desturi yetu, kabla ya kumswalia maiti, ndugu wa karibu husimama kumwombea radhi kwa watu. Ndugu wa kiume wa dada ni mimi peke yangu. Nikasimama, nikasema, "Ndugu zangu, marehemu alikuwa binadamu. Kama yupo mtu ambaye dada yangu alimkosea, namwombea, amsamehe."

Wakajibu kwa pamoja, "Tumemsamehe."

Nilibaki nimesimama. Kwa kosa langu mimi, sikuwa na wa kumwomba radhi pale. Imamu akanigusa bega, nikarudi kwenye safu.

Tukielekea makaburini, Mzee Alawi alinisogelea. "Alikusamehe, Abdulnasir. Usijitese."

"Alikwambia?"

Mzee si mtu wa kusema uongo nyuma ya jeneza. "Hakuniambia. Alikuwa akisema tu kwamba utakuja."

Kwa kuwa ni mwanamke, kaburi lilitandazwa shuka juu, nikashuka mimi na binamu zetu wawili. Tulimpokea, tukasema Bismillahi wa ala millati rasulillah, tukamlaza kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Kibla. Nikafungua vifundo vya sanda. Nikainama, nikamwambia, "Dada, nisamehe." Binamu yangu akasema polepole, "Pokea mbao." Nikazipokea, tukazipanga moja baada ya nyingine mpaka akafunikwa. Nikapanda juu, nikatupa mafumba matatu ya udongo, wengine wakaendelea kwa majembe. Ikasomwa talakini, ikaombwa dua, na watu wakaanza kuondoka kabla ya Magharibi.