Kisigino Nilichokichoma Moto

Ndugu zangu wa Masanze, mnaonicheka nikichechemea nyuma ya ng'ombe, leo nawapa sababu.

Nilihamia huku na mifugo nikiwa kijana. Kuswaga ng'ombe mpaka Zombo na kurudi hakukunichosha. Hospitali niliijua kwa kupeleka wengine.

Kisha kikatokea kidoa cheusi chini ya kisigino cha kulia, kidogo kama punje ya ulezi. Nikasema ni mwiba. Nikachokonoa kwa pini, mwiba haukutoka. Doa likapanuka, likawa kidonda kinachotoa maji. Sisi wafugaji, ndama akiwa na kidonda kisichofunga, tunakichoma kwa chuma cha moto. Basi nikapasha nondo, nikang'ata kitambaa, nikajichoma mwenyewe. Kidonda kilifunga vizuri! Nikamtambia mke wangu Kulwa kwamba sasa natibu hadi watu.

Baada ya miezi kadhaa weusi ukarudi pembeni mwa kovu. Kisigino kikaanza kunuka, na kinenani ukajitokeza uvimbe mgumu. Kulwa hakunisikiliza tena. Alinipakia bodaboda hadi hospitali Kilosa.

Daktari, binti wa umri wa mwanangu, alinipa shikamoo, akakitazama kisigino. Alikata kinyama, kikapelekwa kupimwa. Majibu yalipokuja akasema, "Mzee, hii ni saratani ya ngozi."

"Si ya wenye ualbino hiyo?"

"Hii yako inatupata na sisi weusi, hasa kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Ule moto haukuiua, uliificha tu."

Niliogopa sana. Nikauliza kama imeshatembea.

"Seli za saratani hii zina protini zake, kama ng'ombe wako walivyo na chapa," akasema. "Tutatoa tezi za kinenani. Maabara wataziwekea dawa inayozipa rangi protini hizo. Zikionekana kule, basi ugonjwa umehama. Na kisigino lazima kikatwe."

Nikagoma. Mchungaji bila kisigino ni mchungaji gani? Kulwa akanijibu mbele ya daktari: "Ng'ombe watapata mchungaji mwingine. Mimi sitaki mume mwingine." Nililia kama mtoto, nikakubali.

Nilipasuliwa kwenye hospitali kubwa. Walichukua ngozi ya paja wakaziba pale kisigino kilipokatwa. Paja liliniuma kuliko mguu, hilo sikuambiwa. Majibu ya tezi yakaja: protini zile zimeonekana kwenye tezi moja, nyingine zote safi. Mapafu na ini havikuwa na kitu. Nikaanzishiwa dawa za saratani. Nilitapika, nikakonda, nguo zikanipwaya.

Sasa nakwenda kliniki. Wananitoa damu, kwa sababu kuna protini nyingine ambayo ugonjwa ukikua huweza kupanda. Kufikia leo haijapanda. Daktari hasemi nimepona kabisa, anasema tuendelee kutazama. Namshukuru Mungu na yule binti.

Nanyi, doa jeusi linalopanuka msilichome wala kulichokonoa. Lipelekeni likapimwe. Na kwa kuwa unyayo wako huuoni vizuri, mwombe mwenzio akutazamie.

Mimi kila Jumapili Kulwa huuweka mguu wangu mapajani mwake, akaukagua kidole kwa kidole, kisha akapapasa kinena. Mimi hapo hata kupumua najizuia. Akimaliza huupiga mguu kofi dogo na kusema, "Haya, nenda kwa ng'ombe wako."

Nami naenda.